Redio Yenye Kigugumizi

Asubuhi ile shavu la Kiberiti lilikuwa limevimba hadi jicho la upande huo likabaki linachungulia tu, kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Kiberiti alikuwa dereva wa gari la pili la kampuni, na jino lake lilikuwa limechagua siku hiyo hiyo kumkumbusha kwamba bado lipo.

"Mmm-mm," alisema Kiberiti.

"Anasema hawezi kuendesha," alitafsiri Dada.

"Nimemsikia," alisema Kitinda, na moyo wake ukaruka kichura.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya familia: magari mawili ya kupeleka watalii hifadhini kutazama wanyama, na ofisi ya chumba kimoja yenye meza, birika na redio ya kuongea na madereva. Kaka, mkubwa wao, alikuwa mwenye kampuni, dereva wa gari la kwanza na mfokaji mkuu. Dada, wa katikati, alikaa redioni. Kitinda alikuwa kitindamimba, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuosha magari, kuchemsha mayai ya wageni, na kuota siku atakayowapeleka wageni hao mwenyewe.

Leseni alikuwa nayo. Njia za hifadhi alizijua zote, hadi zile ambazo zenyewe zilikuwa zimesahau zinaelekea wapi. Alichokosa ni ruhusa ya Kaka. Siku ya kwanza kujaribiwa, Kitinda alirudisha gari nyuma akaliangusha tangi la maji, na Kaka, aliyekuwa bafuni wakati huo na sabuni hadi masikioni, hakusamehe.

"Una pupa," Kaka alimwambia, taulo kiunoni. "Wanyama hawataki pupa. Siku nitakayokukuta umeshika usukani na wageni nyuma, kesho yake unaripoti kwa mjomba."

Mjomba alikuwa na duka la misumari. Si kwamba misumari ina ubaya. Ila msumari, hata uutazame kutwa nzima kwa darubini, hauruki wala hauli majani.

Basi Kaka alikuwa ameshaondoka na wageni wake kuelekea upande wa milimani, na nje ya ofisi walisimama wageni wa Kiberiti: Bwana na Bibi, wazee wastaafu, kofia pana na soksi ndefu. Ilikuwa siku yao ya mwisho. Jioni wanapanda ndege kurudi kwao. Safari yao yote walikuwa wameona nyani mmoja, ambaye aliwaibia ndizi, na mkia wa kitu ambacho Kiberiti aliapa kwamba ni chui. Bwana hakujua Kiswahili. Bibi alikijua kutoka kitabuni, Kiswahili kilichopigwa pasi kikanyooka hadi kwenye kola.

"Hamjambo ninyi nyote," Bibi alisema mlangoni. "Je, safari yetu ipo au haipo?"

Dada alimtazama Kitinda. Kitinda alitazama ufunguo uliotundikwa ukutani.

"Nenda," Dada alinong'ona. "Pita njia ya bondeni, Kaka yuko juu. Na usifungue mdomo redioni! Hata ukikohoa tu, ataijua sauti yako. Nikiita gari la pili, bonyeza kitufe mara mbili, nitajua umenisikia."

"Na Kaka akiniona je?"

"Nitakwambia."

Tatizo la redio ile lilikuwa kigugumizi. Tangu ilipoanguka kutoka mezani, neno la kwanza ililianza mara mbili: ukisema "karibu", inasema "ka-karibu", ukisema "geuka", inasema "ge-geuka". Watu wa ofisini walishaizoea, kama unavyomzoea jirani anayekoroma.

Kitinda aliendesha kwa adabu kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia ina tope, na yeye alikwenda polepole kiasi kwamba kobe aliyekuwa nyuma yao, angekuwa na honi, angeipiga. Walivuka daraja la mawe lililokuwa mwanzo wa bonde. Walimwona ndege mmoja mwenye shingo ya buluu. Bwana alinyanyua kidole gumba. Hata Bibi alianza kuimba kidogo kidogo.

Hapo ndipo redio ilipolia.

"Ga-gari la pili, gari la pili!" Sauti ya Dada ilikuwa juu, kama mtu aliyekanyagwa. "Ka-kakakuona! Da-daraja la mawe! Nenda upesi!"

Kitinda aliukaza usukani. Kaka kakuona! Tena pale pale darajani, walipotoka sasa hivi! Akabonyeza kitufe mara mbili, akakanyaga mafuta, na gari likatoka mbio kulipa mgongo daraja.

"Je, tunakwenda wapi kwa kasi hii?" Bibi aliuliza, kofia imemshuka hadi puani.

"Mbele, Bibi! Mbele kuna... kuna mbele!"

"A-anatembea kwa miguu!" redio ikaendelea. "Miwili!"

Ahaa, aliwaza Kitinda. Kashuka garini, redio kaiacha ndani. Ndiyo maana Dada anapata ujasiri wa kunitangazia hewani.

"Ka-kainama, mikono kaikunja kifuani!"

Yarabi! Mwendo huo Kitinda aliufahamu. Ndivyo Kaka alivyotoka bafuni siku ya tangi.

"Ki-kila mtu kasimama anamtazama! Wageni wanampiga picha!"

Mguu wa Kitinda ulilegea kidogo kwenye mafuta. Kaka hakuwa na sura mbaya, ukweli usemwe, lakini hakuna aliyewahi kusimamisha gari kwa ajili yake.

"Ka-katoa ulimi! Mrefu huo! Anakula mchwa!"

Kitinda alifunga breki. Gari likateleza, likasimama upande. Kaka ana hasira, ndiyo. Lakini mchwa?

Nyuma yake karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Samahani, dereva," Bibi alisema kwa upole. "Kakakuona yumo katika kitabu changu. Je, siye huyu?"

Akampitishia kitabu begani. Pichani alikuwapo mnyama mwenye magamba kuanzia utosini hadi ncha ya mkia, kama paa la vigae lililochoka kukaa juu ya nyumba likaota miguu.

Kitinda alimtazama yule mnyama. Yule mnyama akamtazama Kitinda. Neno alilolijua tangu yuko darasa la pili, leo alikuwa amelisikia kama umbeya unaomhusu yeye. Kakakuona! Mnyama wa usiku, anayejificha hata majirani wa hifadhi wanazeeka hawajamwona. Kaka mwenyewe alimwona mara moja tu katika maisha yake, na alimsimulia kama wengine wanavyosimulia harusi zao. Bila shaka mvua ya alfajiri ilikuwa imewatoa mchwa, na mchwa wakamtoa yeye, na madereva wa kampuni nyingine waliomkuta wakampasha Dada.

Mbele yao njia iligawanyika. Ya kushoto ilikwenda langoni: ofisi, ufunguo ukutani, hakuna aliyejua wala atakayejua. Ya kulia ilizunguka na kurudi darajani kwa upande wa pili. Na darajani, redio ile ile iliyomwita yeye ilikuwa imemwita na Kaka.

"Bibi," Kitinda alisema, akageuka. "Pale darajani kuna kakakuona, na kuna kaka yangu. Mmoja ana magamba, mwingine ana hasira. Mimi sijaruhusiwa kuendesha gari hili."

Bibi akamtafsiria mumewe. Bwana akajibu neno fupi.

"Mume wangu anasema unaendesha vizuri kuliko yule mwenye jino."

"Na ndege yenu ni leo tu?"

"Ni leo tu."

Kitinda aliiona misumari ya mjomba imepangwa kwenye makopo, ya inchi mbili, ya inchi tatu, ya mabati, na mjomba akimwambia aihesabu upya. Kisha kwenye kioo akaziona kofia mbili pana zikingoja, hazisemi kitu. Akashusha pumzi, akakata kulia.

Walipokaribia daraja, kelele zilisikika kabla ya watu kuonekana: milango ya magari ikibamizwa, injini zikinguruma, dereva mmoja akimwambia mwingine asogee, yeye kafika kwanza. Mguu wa Kitinda ulimwasha. Bado kona moja tu! Lakini jioni zote alizolala chini ya gari akikwangua tope, Kaka alikuwa akimfokea Kiberiti juu ya kichwa chake: "Zima injini mbali! Kaa hapo! Ulikuwa unakwenda kumkamata au kumtazama?"

Akazima injini juu ya mteremko. Gari likateremka lenyewe, taratibu, likasimama kivulini kabla ya kona.

"Sasa hatusemi," alinong'ona.

"Hatusemi," Bibi alisema, kisha akajiziba mdomo.

Wakangoja. Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye jani, likagonga paa.

Kule darajani kakakuona alikuwa amechoshwa na sifa. Alitokea kwenye kona peke yake, kwa miguu miwili, kainama, mikono kaikunja kifuani, kama mzee anayetafuta miwani yake chini na hataki kusaidiwa. Alikuja hadi kwenye gurudumu la mbele, mahali palipokuwa na mchwa, akautoa ule ulimi, mwembamba kama uzi, akala bila haraka. Magamba yalisuguana yakitoa sauti ya sahani zinazopangwa kabatini taratibu. Bwana alikuwa na kamera mapajani na hakuikumbuka. Machozi yalimteremka hadi kwenye masharubu, naye akayaacha yateremke.

Kisha kakakuona akajifuta pua kwa mkono, akaingia majanini.

Na kwenye ile ile kona, nyuma yake, akatokea mwingine: kwa miguu miwili, kainama, mikono kaikunja kifuani juu ya darubini. Alikuwa Kaka.

Alisimama. Alitazama gari, akatazama namba za gari, akamtazama Kitinda. Akaja dirishani, akaongea kwa sauti ya chini, ile inayotumika mbele ya wageni na ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

"Kiberiti yuko wapi?"

"Jino, Kaka."

"Nani kakupa ufunguo?"

"Ulikuwa kwenye msumari."

"Msumari, eti? Vizuri. Kwa mjomba ipo mingi."

"Bwana Kaka," Bibi akaingilia, kidole juu kama mwanafunzi. "Wale wa darajani hawakuzima injini. Huyu alizima."

Kaka akaufuata mteremko kwa macho kwenda juu, alama za magurudumu zimenyooka kwenye tope.

"Injini uliizimia wapi?"

"Kule juu, palipo na jiwe."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Nilikuwa chini ya gari, ukimfokea Kiberiti."

Kaka alikuna shingo. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imepungua miaka.

"Amepita hapa?"

"Hapo hapo uliposimama."

"Umemwona mzima?"

"Mpaka kucha zake. Wewe je?"

"Mkia," alisema Kaka kwa uchungu. "Wale wapumbavu walimzingira, akajikunja mpira. Alipojikunjua, mimi nikapata mkia."

Kitinda alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo puani.

"Kesho," Kaka alianza, na Kitinda akafumba macho akisubiri mjomba. "Kesho kuna wageni wawili wa asubuhi, na shavu la Kiberiti halitashuka leo. Utawachukua wewe. Lakini gia ya nyuma hugusi! Ukitaka kurudi, zunguka hifadhi nzima."

"Na nikikutana na njia iliyoziba?"

"Kaa hapo hapo, nitakuletea chakula."

Bibi alipiga makofi. Bwana naye alipiga, ingawa hakuelewa hata neno moja.

"Ga-gari la pili?" redio ikalia. Dada alikuwa na wasiwasi sasa. "U-umekwama? Umemwona au hukumwona?"

Kaka aliingiza mkono dirishani, akachomoa kipaza sauti, akampa mdogo wake. Kitinda alibonyeza mara moja tu, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikaenda hewani.

"Nimemwona, Dada. Na Kaka kaniona."

Redio ilikwaruza.

"Yu-yupi sasa?"

"Wote wawili."