Hedifoni za Edsel

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili asije mtu akasema nilificha. Mama yangu alikuwa nao, dada zangu wanao, na Edsel alinioa akiujua, kwa hiyo asilalamike.

Siku tuliyokwenda kumnunulia hedifoni roho ilianza kuniuma tangu mlangoni mwa duka. Muuzaji alikuwa msichana aitwaye Rhea, jina kalibandika kifuani, kucha ndefu, sauti ya asali. Badala ya kumkabidhi mteja avae mwenyewe, alimvalisha kwa mikono yake miwili, kisha akamrekebishia nywele juu ya sikio. Mume wangu ana miaka arobaini na sita na nywele za kurekebishwa hana.

"Zinabana kidogo, bosi?" Rhea akauliza.

"Kidogo."

Nilitoa simu, nikaandika, nikamwonyesha Edsel: *Kichwa chako ndicho kikubwa. Aondoe mikono yake.*

Edsel akacheka. Rhea naye akacheka, ingawa hakuwa ameonyeshwa.

Niliandika kwa sababu sisemi mbele za watu. Miaka miwili iliyopita nilipasuliwa rovu la shingoni, na kisu kikapita karibu mno na mshipa wa sauti. Rovu likaenda, sauti ikaenda nalo. Kilichobaki ni mkwaruzo kama wa mlango wa stoo. Na mimi nilikuwa mwimbaji. Mtaa mzima wa La Paz haukufanya harusi bila mimi, Delfa. Edsel mwenyewe alinisikia kwenye sikukuu ya mtaa, akiwa nyuma ya umati, akauliza yule ni nani kabla hajaniona sura. Zamani alipenda kuwasimulia watu jambo hilo. Tangu nipasuliwe hajalisimulia hata mara moja, na mimi nimehesabu.

Hedifoni zenyewe zilikuwa za kazi. Edsel anasikiliza madaktari wa nchi za mbali waliojirekodi wakieleza wagonjwa wao, anayaandika maneno yao, anawarudishia. Akikosea jina la dawa, kazi inarudishwa. Sasa nyumba yetu ina feni inayonguruma, nje kuna pampu ya maji, barabarani bajaji hazilali. Na kubwa kuliko yote, tunagawana ukuta na Analiza.

Mume wa Analiza ni baharia. Miezi kumi yuko melini, miwili yuko nyumbani, na mara ya mwisho alimwachia mkewe mashine ya karaoke kubwa kama kabati. Kila siku vyombo vya mchana vikishaoshwa, Analiza anaimba. Laiti angeimba vibaya! Mtaa wetu una waimbaji wabaya wengi na wote nawapenda. Analiza anaimba vizuri. Anapanda juu bila kukaza shingo, anashuka bila haraka. Nimeimba miaka ishirini, najua ninachokisikia, na ningefurahi sana kutokijua.

Rhea aliwasha spika iliyotoa mvumo wa ndege, ukafuata wa feni. Hedifoni za kwanza ziliacha mvumo upite. Za pili ziliuzima, lakini zilikuwa nzito na za joto, na kwa hali yetu ya hewa masikio yangeiva kabla ya saa sita. Za tatu zilikuwa laini. Edsel alipozivaa mabega yalishuka, macho yakafumba, akatabasamu.

"Feni imekufa," akasema.

Tabasamu lile sikulipenda. Lilikuwa la mtu aliyefika nyumbani, ilhali nyumbani kwake ni mimi.

"Bado kujaribu sauti ya mtu," Rhea akasema. "Mama, hebu ongea naye kidogo."

Edsel akanigeukia, akaniita kwa jina lake la kunibembeleza. "Sema chochote, Inday."

Nikatikisa kichwa.

"Neno moja tu."

Nikatazama simu za upande wa pili. Pale dukani palikuwa na watu wasiopungua kumi.

"Basi nitaongea mimi," Rhea akasema, akamsogelea mume wangu mpaka pua yake ikakaribia shavu. "Bosi—"

Alichotaka kusema hatukukijua. Nilimshika Edsel mkono, nikabeba boksi, nikaliweka kaunta kwa kishindo. Tunachukua hizi. Njiani nilijiona nimeokoa ndoa.

Kesho yake nikamjaribu mwenyewe. Amekaa mezani, hedifoni kichwani, mgongo kwangu. Nikasimama nyuma yake, nikasema kwa sauti yangu hii hii, "Edsel, wali umeungua."

Hakugeuka.

"Edsel, nyumba inaungua."

Vidole vilikuwa juu ya kibodi, wala havikushtuka. Nikaamini nimeolewa na ukuta.

Ajabu yake ni kwamba nilipojua hanisikii, mdomo ulifunguka. Miaka miwili nilikuwa nikimwandikia ujumbe kutoka jikoni hadi sebuleni: *Chakula tayari. Mafuta yameisha.* Sasa nikawa naongea kutwa. Nikiosha vyombo naongea. Nikikunja nguo naongea. Sauti ikivunjika naiacha ivunjike, nani wa kuona aibu? Nilimsema mama yake. Nilimsema yeye na mtindo wake wa kunywa siki ya kitoweo moja kwa moja kwenye kibakuli. Nilimsimulia ndoto zangu. Na Analiza akianza kuimba, nilimsema Analiza.

"Huyo, ameanza, paka aliyemeza redio," nilikuwa nasema nikisugua sufuria. "Mume yuko baharini, anamwimbia nani? Samaki?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Analiza akishika tu kipaza sauti, vidole vya Edsel vinasimama. Tena anasukuma hedifoni kidogo, sikio moja linabaki wazi, la upande wa jikoni, ambako ndiko uliko ukuta wa Analiza. Anakaa hivyo, kichwa kimeinama kidogo, hachapi neno. Wimbo ukiisha na mimi nikiwa nimechoka kusema, sikio linafunikwa na vidole vinaanza tena.

Siku ya kwanza nilisema labda sikio linamwasha. Siku ya tano niliacha kujidanganya. Mimi nikisema nyumba inaungua, ametia nta masikioni. Analiza akikohoa tu, nta inayeyuka!

Kazi ikaanza kurudi nyuma. Msimamizi wake akampigia simu, nikamsikia Edsel akiomba radhi, akiahidi kumaliza wiki ile. Katika miaka tisa ya kazi hiyo hajawahi kuchelewa. Usiniambie ni madaktari. Nilijua ni nani anayekula saa zake.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda. Nilianza kumtazama Analiza akianika nguo, nikatazama shingo yake, laini, haina mshono. Na Ijumaa moja alipoimba wimbo niliokuwa nikiimba mimi kwenye harusi, nikaona sikio la mume wangu linatoka tena, niliacha vyombo, nikaenda nikasimama nyuma ya kiti chake.

"Nenda basi," nikamwambia mgongo wake. "Ukuta wenyewe ni wa mbao, usukume tu. Laiti kile kisu kingepita shingoni kwake. Ndiyo, nimesema. Wewe ulioa sauti, Edsel. Sauti imekwenda. Mimi niliyebaki, wewe hukunichagua. Ulibakiziwa."

Mabega yake yaliinuka kidogo, yakashuka. Hakugeuka. Nikarudi jikoni nikalia juu ya vyombo, na Analiza akashuka taratibu mpaka mwisho wa wimbo, bila kosa hata moja.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Edsel alikwenda kununua mkate. Hedifoni zilikuwa mezani. Nilizitazama kama mtu anavyotazama viatu vya mwanamke mwingine mlangoni kwake. Kisha nikazivaa.

Feni ikafa. Pampu ikafa. Bajaji zikawa mbali, kana kwamba zimehamia mtaa mwingine. Nikaelewa lile tabasamu la dukani, nikakasirika upya.

"Delfa! Mwatiko wa leo huu, bado anashangaa kwa nini amekufa!"

Niligeuka nikidhani mtu ameingia ndani. Hakuna. Nikatoka. Manang Pasing, muuza samaki wetu, alikuwa nje ya geti, hatua ishirini kutoka mezani, beseni kichwani.

"He! Umekuwa rubani?" akasema aliponiona.

Nikamwashiria aendelee kusema. Kisha nikasahau aibu, nikasema kwa mkwaruzo wangu, "Sema tena. Polepole."

"Niseme nini? Mwatiko, nimesema. Kamba wadogo wapo." Akashusha sauti, akajisemea, "Maskini, kichwa kimeanza kuguswa."

Nikayasikia yote. Nikayasikia hata vizuri zaidi ya kawaida, maana feni haikuwepo, pampu haikuwepo, ilibaki sauti yake peke yake kama aliyeketi begani kwangu.

"Unanisikia na hizo?" nikamwuliza. "Maana mimi nakusikia."

"Mjukuu wangu anazo," akasema. "Zinaua ngurumo tu, binti yangu, haziui mdomo. Zingekuwa zinaua mdomo, ningezivaa tangu siku ya harusi yangu."

Nilinunua mwatiko bila kuomba apunguze bei, jambo lililomshangaza kuliko hedifoni. Halafu nikakaa kwenye ngazi na samaki mkononi, nikaanza kukumbuka. Wali. Nyumba kuungua. Mama yake, tena mara nyingi. Siki. Zile ndoto, mojawapo ikiwa na yule mhandisi wa umeme. Kisu shingoni kwa Analiza. Na lile la kubakiziwa. Nilitamani ngazi ipasuke nizame.

Edsel alirudi na mfuko wa mkate. Akaniona, akaziona hedifoni kichwani mwangu, akasimama.

"Ulikuwa unanisikia," nikasema.

Akaweka mfuko chini. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu wali."

"Na nyumba ilipoungua?"

"Nilinusa kwanza. Hapakuwa na moshi."

Nikataka kumrushia samaki. "Wiki tatu, Edsel! Wiki tatu umejitia hamnazo! Mimi naropoka kama kichaa, wewe umekaa unaandika madaktari!"

"Siwaandiki. Ukianza kusema nawasimamisha. Kwani kazi imechelewa kwa nini?"

"Imechelewa kwa Analiza! Usinifanye mtoto. Akiimba unatoa sikio, nimeona kwa macho yangu haya mawili."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Akianza yeye, na wewe unaanza. Spika lake linakufunika, Inday, wewe sauti yako ni ya chini. Ningekusikiaje nisipotoa sikio? Lile la paka aliyemeza redio ningelipatia wapi?"

Nikamhamishia samaki mkono wa pili.

"Mhandisi wa umeme nilimsikia bila kutoa sikio," akaongeza.

"Ilikuwa ndoto!"

"Haya."

Nikavua hedifoni. Mikono ilikuwa inanuka samaki, nazo zikanuka. "Kwa nini hukugeuka?" nikamwuliza. "Siku ya kwanza tu. Ungegeuka tukacheka, yakaisha."

Akakaa ngazi ya chini yangu, akawa anatazama barabara. "Miaka miwili unaniandikia kwenye simu. Chakula tayari. Mafuta yameisha. Usiku mwema. Kama mimi ni fundi wa bomba. Nimevaa hizi siku moja, mke wangu akaanza kuongea na mimi kutwa nzima. Ningegeuka, ungenyamaza. Ungenyamaza au usingenyamaza?"

Ningenyamaza.

"Niliogopa hata kukohoa," akasema.

"Hii si sauti, Edsel."

"Ndiyo inayotaka kunifukuzisha kazi."

Ningeweza kuishia hapo na ningekuwa mwanamke mwenye bahati. Lakini kidonda kina mdomo wake. "Na jana?" nikasema. "Nilipokwambia hukunichagua. Hilo pia ulilisikia, ukakaa kimya."

Akachomoa mkate mmoja mfukoni, akaurudisha.

"Hapo nilikosea," akasema. "Hapo nilipaswa kugeuka. Usiku kucha nimekaa na hilo neno. Nikajiambia, akilisema tena nageuka."

Upande wa pili wa ukuta mashine ikawashwa. Jumamosi Analiza hangoji vyombo vya mchana. Spika likakohoa mara mbili, muziki ukaanza, na Edsel akanyoosha mkono kuelekea hedifoni mapajani mwangu.

"Ukiona ni rahisi kwako," akasema, "nazivaa, nageukia ukuta. Uendelee kama jana."

"Usithubutu."

Niliziweka nyuma yangu, juu ya ngazi, mbali na mkono wake. Akageuka akakaa akinitazama usoni. Hakuwa amenitazama hivyo nikiwa naongea kwa miaka miwili, maana usoni pake sikuwa nikiongea. Wiki zote zile za maneno, na sasa sikujua nianzie wapi. Analiza akaanza kupanda, akapanda, akaifikia ile noti ya juu bila kukaza shingo, mwanaharamu yule.

Nikaanza na yeye, maana kwa huyo nilikuwa bado sijamaliza.