Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Gari lile la familia lilikuwa na milango minne, na kila mmoja ulikuwa na tabia yake. Wa dereva ulikuwa umepoteza kitasa cha nje, kwa hiyo ilibidi upenyeze mkono dirishani ufungue kwa ndani kama mwizi. Wa abiria wa mbele ulikubali ukiupiga kwanza kwa nyonga. Wa nyuma kabisa ulifungwa kwa kamba. Na ule wa ubavuni, wa kuburuza, ulifunguka vizuri kwa nje, lakini kwa ndani kitasa kilining'inia tu: ukikivuta kinakuja, mlango unabaki pale pale. Mgeni akitaka kupanda ilibidi apewe darasa kwanza, na wenyewe wakacheka. Kila mwaka walisema watalipeleka kwa fundi, na kila mwaka fundi alizidi kuzeeka akiwangoja.

Wenye gari walikuwa watatu. Kulikuwa na mama mjane, aliyeitwa Mama Cherehani kwa sababu aliwashonea sare watoto wa mtaa mzima mpaka macho yakaanza kumsaliti. Kulikuwa na mwanawe wa kiume, mhasibu, ambaye tangu utotoni aliitwa Bosi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ameshika sahani isipokuwa ya kula. Na kulikuwa na binti, kitinda mimba, aliyebaki nyumbani na mama. Binti ndiye aliyemtilia dawa ya macho, aliyempikia, aliyemsindikiza kliniki. Mama alipowaombea dua watoto wake alianza na huyu, ingawa hakumwambia mtu.

Siku zote mama alikaa mbele. Asubuhi ile ya kliniki, Bosi akiwa kwenye usukani, binti alimburuzia ule mlango wa ubavuni.

"Leo kaa nyuma, mama. Mbele jua litakuumiza macho."

"Una huruma sana wewe," mama akasema, na alimaanisha. Akapanda, akalifungua dirisha uwazi mdogo apate hewa, akafumba macho yaliyokuwa yakimwasha.

Kabla ya kufika kliniki gari lilikata kona na kusimama. Mama alisikia milango ya mbele ikifunguliwa na kufungwa. Hakufumbua macho, alidhani ni mafuta.

"Akitaka kushuka je?" Bosi alinong'ona huko nje.

"Atashukaje? Nimemkalisha nyuma makusudi," binti akajibu.

Mama Cherehani akafumbua macho. Kwanza aliwatafutia udhuru, ndivyo wazazi walivyo wajinga. Labda wanamnunulia kitu. Labda wanataka kumshtukiza. Akachungulia, akaona ofisi ndogo iliyobandikwa picha za nyumba kioo kizima, na kupitia mlango wake uliokuwa wazi akawaona wanawe wakivuta viti mbele ya meza ya dalali. Kando yao walikaa mtu na mkewe, wamependeza kama watu waliokuja kujitambulisha.

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na gari lilikuwa limeegeshwa chini yake kabisa. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini masikio yalikuwa bado ya msichana. Akamsikia dalali akisifia nyumba ya kupangisha: vyumba vitatu, ua wa saruji, na sebule yenye dirisha pana. "Kuna cherehani pale, ila itaondolewa." Nyumba yenye cherehani chini ya dirisha pana aliijua moja tu. Aliijenga yeye mwenyewe, chumba baada ya chumba, mumewe akiwa keshazikwa.

"Tunaweza kuhamia lini?" mwanamke yule akauliza.

"Hata wiki hii," Bosi akasema. "Mama anahamia kwangu."

Habari hiyo mama ndiyo kwanza anaisikia. Kwa Bosi alikujua vizuri: palikuwa na chumba kimoja cha ziada, cha kutupia baiskeli mbovu za watoto, na mkwe ambaye alimwamkia huku akitazama simu.

"Na mwenye nyumba karidhia?" dalali akauliza. "Mimi huwa napenda nimsikie mwenye mali kwa mdomo wake."

"Karidhia kabisa. Yumo garini, ni miguu tu inamsumbua."

"Basi ngoja nitoke nimwamkie."

Hapo akadakia binti, kwa ile sauti yake laini ya kumtilia mama dawa. "Usijisumbue, kaka. Amelala."

Uongo wa Bosi haukumshangaza. Bosi alianza kudanganya hata meno hayajaota. Lakini ule wa binti ulimkata maini. Akakishika kitasa, akakivuta. Kikaja, kikarudi. Akavuta tena na tena, mikono yote miwili, akijua kabisa ni kazi bure. Akajaribu kujipenyeza kati ya viti vya mbele, goti likagoma njiani, akarudi kinyumenyume akihema. Akatoa mkono dirishani akitafuta kitasa cha nje, mkono ukakwama kwenye kiwiko. Angeweza kupiga kelele. Lakini alimjua mwanawe: mama mtu mzima akilia garini, Bosi angetikisa kichwa kwa huzuni na kumwambia dalali, mnaona wenyewe hali yake. Alitaka kuingia mle kwa miguu yake, mtandio umekaa vizuri, aseme neno lake na kutoka.

Akapita mwanamume mmoja akisukuma mkokoteni.

"Mwanangu, hebu nifungulie."

"Bila shaka, mama," yule mtu akasema, akatema mate viganjani, akauvuta mlango kwa nguvu za mtu anayeshinda na magunia. Pakasikika mlio mkavu. Kitasa cha nje kikabaki mkononi mwake, na mlango ukabaki umefungwa.

"Mama yangu! Nimekuvunjia gari!"

"Hujavunja wewe. Lilikuwa linamngoja mtu tu."

Watu hawakosekani penye tatizo la gari. Mara wakawa watatu, mara sita, kila mmoja fundi. Mmoja alitaka bisibisi, mwingine alitaka mlango upigwe teke, wa tatu akauliza kwa nini mama amefungiwa humo, na swali hilo ndilo lililowatoa watu ofisini. Alitangulia dalali, wakafuata wale wapangaji. Wanawe walikuja nyuma, Bosi akijikuna shingo.

Mama Cherehani akauweka uso wake kwenye ule uwazi wa dirisha.

"Wewe ndiye dalali?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba mnayoizungumza ni yangu. Sijalala na wala sijakubali. Hawa wanangu hawakuniuliza."

Mke wa mpangaji akaziba mdomo. Mumewe akasema, "Tusamehe, mama, hatukujua," akamshika mkewe mkono wakaondoka haraka, wameona aibu isiyokuwa yao. Dalali alimtazama Bosi toka kichwani hadi viatuni. "Bwana mkubwa, usirudi tena hapa," akasema, akaingia ndani na kuvuta pazia.

Kwa hiyo nyumba ikapona. Mama alingoja waseme chochote. Bosi akageuka, uso umemwiva, akamkabili mtu wa mkokoteni.

"Nani kavunja kitasa hiki?"

"Mwache, hakujua," binti akasema. "Wewe ndiye uliyetakiwa kukitengeneza."

"Mimi? Gari analitumia nani kila siku?"

"Na fundi ni rafiki ya nani?"

Wakazozana hivyo mbele ya kadamnasi, nani aliahidi, nani alisahau, nani anapenda vya bure. Habari ya nyumba hakuna aliyeigusa. Mama aliwatazama kupitia kioo, akacheka peke yake.

Kliniki hawakwenda tena. Walipofika nyumbani ilibidi viti vya mbele vilazwe na mama atolewe mzegamzega kupitia mlango wa dereva, huyu kashika kwapa, yule kashika mguu, majirani wakijifanya wanafagia. Alipokanyaga ua wake alijipangusa, akaingia ndani. Bosi aliondoka bila kuaga.

Jikoni binti aliinjika chai, akasimama ameupa ukuta uso.

"Kwa nini hukuniuliza?" mama akasema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ni haki yangu."

"Na mimi haki yangu iko wapi, mama?" Binti akageuka, machozi yamemjaa. "Bosi anakuja sikukuu, anakula, anaondoka, na bado unamsifia. Mimi ndiye ninayeamka. Mimi ndiye nisiyeweza hata kulala nje siku moja. Nimechoka. Nimechoka mpaka nimekuwa mbaya."

Mama aliiona kweli iliyokuwa ndani ya maneno yale, na alimwonea huruma. Kama angeambiwa hivyo wiki moja kabla, huenda angekubali hata kupangisha chumba kimoja, ipatikane pesa ya kumlipa msichana wa kusaidia. Alitaka kumwambia. Badala yake likamtoka swali lililokuwa limemkaba tangu asubuhi.

"Habari ya jua kuniumiza macho. Uliipanga tangu usiku, au ilikujia pale pale mlangoni?"

"Tangu usiku," binti akasema.

Chai ikachemka hadi ikamwagikia jiko, hakuna aliyeiepua.

Siku ya kliniki iliyofuata, mama alitoka nje akakuta gari linang'aa. Binti alikuwa amesimama kando yake, amevaa gauni ambalo mama alimshonea zamani.

"Nimelipeleka kwa fundi. Milango yote. Jaribu mwenyewe, mama."

Mama Cherehani akajaribu. Kitasa kipya kiliitika kwa kidole kimoja, mlango ukateleza bila kelele. Akapanda, akaufunga, akaufungua kwa ndani. Ulifunguka. Akafanya hivyo mara ya pili, polepole, kisha akashuka.

"Ilikuwa kazi ya robo saa tu," binti akasema, akijaribu kucheka. "Fundi katuona wajinga."

"Kazi nzuri," mama akasema. Akaufunga mlango kwa nje, akaweka mkoba begani, akashika njia ya kituo cha basi.

Binti akawasha gari, akamfuata polepole pembezoni mwa barabara, kioo kimeshushwa. "Mama, ingia garini. Magoti yako yatakuua. Mama, nimekosa, nisamehe, ingia."

Majirani waliokuwa wakichungulia walisema bibi yule ana kiburi. Angekuwa na kiburi angekimeza, maana kituo kilikuwa mbali na goti lilikuwa limeshaanza kumchoma. Na msamaha alikuwa keshautoa tangu kule jikoni. Lakini mtoto huyu alimzaa, akamnyonyesha, akamshonea sare yake ya kwanza, na sasa mama alikuwa anaogopa kukaa naye ndani ya gari.