Kidari cha Brenda

Kaka yangu Fabian aliona aibu mama yetu kujaza namba za watoto kwenye kisimu cha vitufe. Mwezi wa nane alikuja Kibosho kutoka Dar, akazifuta zote, akaweka moja mpya.

"Mama, ukipiga hii, simu za watoto wote zinalia pamoja. Anayewahi anapokea. Bonyeza hapa tu, umetupata sote."

Mama hajui kusoma. Alifurahi. Mimi nachomelea mageti Njoro, Moshi mjini, na darasa la saba sikumaliza, kwa hiyo sikuulizwa.

Asichosema Fabian ni kwamba simu yake ya namba ile alimkabidhi katibu muhtasi wake, binti anaitwa Brenda. Kupokea simu ndiyo kazi yake. Yangu ikilia, kabla sijavua glavu imekata, Brenda kawahi. Dada yetu Flavia wa Arusha na mdogo wetu Martin wa Mwanza wakastarehe kabisa. Simu si inapokelewa?

Nilimwambia Fabian amtoe huyo binti kwenye mambo ya nyumbani. Akanijibu, "Jovin, tatizo lako hupendi mfumo." Mfumo. Neno lenyewe linanichefua mpaka leo. Nikataka kurudisha namba yangu kwenye simu ya Mama, akakataa. "Kaka yako amesema isichezewe."

Mwezi wa kumi na moja ng'ombe wa Mama alikuwa anazaa, ndama akakwama. Majirani walikuwa msibani. Mama akabonyeza. Yangu ililia, ikakata kama kawaida. Nikampigia mwenyewe, hakupokea. Simu ameiacha jikoni, yeye yuko bandani. Jioni ndipo ukaingia ujumbe wa Brenda kwenye kundi la familia: "Mama ameripoti changamoto ya ng'ombe. Imepokelewa, inafanyiwa kazi." Flavia kaweka dole gumba. Martin naye dole gumba.

Nilipanda na pikipiki. Ng'ombe amekufa, mguu mmoja wa ndama umetokeza nje, nzi wamejaa. Mama amekaa chini kwenye majani ya migomba, mikono damu mpaka viwikoni. Alikuwa amevuta peke yake. Daktari wa mifugo namjua mpaka nyumbani kwake, ningempakia nyuma ya pikipiki.

"Yule binti alisema mnakuja," Mama alisema.

Krismasi wakaja wote, wananukia manukato, wakaniuliza kwa nini banda liko tupu. Tukachinja mbuzi. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na kidari, nyama ya heshima, tangu Baba afariki ni cha Fabian. Alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Mama akakifunga kidari kwenye jani la mgomba, akamwekea mapajani.

"Mpelekee Brenda."

"Mama, yule ni mfanyakazi wangu."

"Ndiye anayenipokea. Juzi kaniuliza mguu unaendeleaje. Wewe unajua ni mguu upi?"

Flavia akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Fabian aliipeleka nyama kwenye buti la gari, akaitandikia mfuko wa plastiki isichafue zulia.

Mwaka mpya ulipopita nilikuwa kwa Mama nang'oa bawaba za mlango wa banda, maana halikuwa na wa kufungiwa tena. Mama akabonyeza. Simu yangu ikaanza kulia mfukoni, ikakata. Sauti ya Brenda nikaisikia nilipo, kwa kuwa Mama masikio yamechoka na simu yake huwa juu kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ile nyama ulikula?"

"Nyama gani, bibi?"

Nilitema mate.

"Nipe namba yako mwenyewe, mwanangu," Mama akasema. "Siyo hii."

Brenda akaitaja polepole, nikaiandika kwa chaki ya kazi kwenye ubao wa mlango. Mama akaninyooshea simu.

"Weka hiyo. Weka na yako. Hii ya watoto ifute."