Macho ya Nesi Eliwaza

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, saa tatu asubuhi, mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha juu ya milima ya Upare. Nesi Eliwaza aliingia wodi ya kifua kikuu na sinia la sindano. Kope zake zilikuwa zimevimba na ngozi ya vidole imepasuka. Mzee Naftali wa Suji alikuwa ameketi kitandani, mfuko wake umefungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo sichomwi. Narudi nyumbani."

"Ukiacha dawa sasa, ugonjwa utakurudia kwa nguvu."

"Na nikibaki nitakuua wewe. Kila siku unazidi kuvimba. Heri nikawakoholee mbuzi wangu. Wao hawanijulii hali."

Eliwaza alicheka. Lakini hofu hiyo ya kuambukizwa hata yeye alikuwa nayo. Akamwita Aminiel, tabibu wa wodi.

"Macho yalianza kuvimba lini?" Aminiel aliuliza.

"Januari. Nilipokwenda likizo Gonja yalipona. Niliporudi kazini yakavimba tena."

"Mzee alilazwa Februari, basi hayakutoka kwake. Hebu andaa sindano nione."

Eliwaza alivuta streptomisini, dawa ya kifua kikuu, akaelekeza sindano juu, akasukuma hewa itoke. Vitone vidogo vya dawa viliruka mbele ya uso wake.

"Basi, ni vitone hivyo," alisema Aminiel. "Dawa hii hutokana na bakteria wa udongoni. Wengi haiwasumbui. Wewe imekugusa kila siku, mpaka chembe za kinga mwilini mwako zimeihesabu kuwa adui. Ikikugusa tu, zinaishambulia, nawe unavimba. Huo ni mzio. Hujaambukizwa na mtu."

"Chuoni nilifundishwa kutoa hewa hivi."

"Hata mimi. Tuitolee ndani ya chupa. Ila wewe usiishike tena."

Naftali aliwatazama wote wawili. "Yaani inayoniponya mimi ndiyo inayomvimbisha binti huyu?"

"Ndiyo, mzee."

"Dawa gani isiyo na adabu! Haya, nichome wewe. Yeye asimame kule mlangoni. Mbali zaidi, mwanangu!"

Aminiel alimchoma Naftali, kisha akawaonyesha manesi wengine namna mpya ya kutoa hewa. Naftali alikunywa uji wake, akabaki wodini hadi alipomaliza dawa. Eliwaza alinawa mikono na uso asubuhi ile ile, na kesho yake akaanza kazi wodi ya wazazi, ambako dawa hiyo haikutumika.