Sangara Waliohamia kwa Bibiana

Bibiana alikuwa akisugua masizi ya sufuria uani kwake, Ujiji, sangara wa kwanza alipoingia kwa mlango wa nyuma. Alitembelea mapezi, tumbo likiburuza mchanga, na wenzake wakamfuata, wakubwa kwa wadogo, kimya kama watu waliotoka safari ndefu. Yule wa mbele alifika kwenye beseni la kusuuzia, akakoroma.

"Karibu," alisema Bibiana, akatoa vyombo ili mgeni apate kuingia.

Bibi yake mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa na mimba, akapokewa katika ua huohuo na watu wasiomjua. Kwao mgeni hakuulizwa sababu kabla ya kupewa maji.

Na sababu yenyewe mtaa mzima uliijua. Mnunuzi aitwaye Bonaventura alikuwa amefungua banda kwenye mwalo wa Katonga, boti zinapotia nanga, akitaka mabondo, vile vifuko vya hewa ambavyo sangara hukoromea, na ambavyo ng'ambo vinathaminiwa kuliko nyama. Bondo nene ni la jike mwenye mayai. Sheria ilikataza kumvua. Boti za Bonaventura zilimvua.

Bibiana aliwapanga wageni kwa sauti. Majike wenye mayai, waliokoroma kwa chini kama mtungi unaojaa, aliwaweka kwenye beseni kubwa la kuogea. Madume wenye sauti kavu wakaenda kwenye pipa. Wachanga, ambao walikuwa bado hawajajua kukoroma, aliwatia kwenye sufuria ya pilau ya shughuli. Mumewe Jean alirudi, akawatazama, akauliza yeye ataoga wapi.

"Ziwani," alisema Bibiana. "Siku hizi kuna nafasi."

Alasiri Bonaventura alikuja na vijana wake wenye magunia, pamoja na bwana samaki wa serikali, Samson, mtu mpole aliyesomea kazi yake na kuipenda.

"Shikamoo, mama," alisema Samson.

"Marahaba, mwanangu."

Samson alichuchumaa, akapapasa mapezi ya jike mmoja, akamtazama shavuni. "Ni sangara. Jike, na ana mayai. Kumvua ni kosa."

"Kumvua wapi?" aliuliza Bonaventura.

"Ziwani."

"Hapa ni ziwani?"

Samson alimwachia jike, akainuka. "Hapana," alisema. "Akitoka majini mwenyewe, kanuni haimwiti samaki. Inamwita zao la samaki." Alilisema kwa uchungu, maana alikuwa mwaminifu na kanuni ilisema hivyo. Jike akamkoromea.

"Basi nimekuja kuchukua mazao," alisema Bonaventura.

Vijana walianza na pipa. Walilipindua, wakawajaza madume kwenye magunia, na Bibiana hakuweza kuwazuia. Walipoligeukia beseni walimkuta ameshaingia. Alikaa katikati ya majike na kanga yake, maji yakimfika kiunoni.

"Mama, usilete vita kwa ajili ya kitoweo," alisema Bonaventura.

"Vita umekuja nayo wewe. Mimi nilifungua mlango tu." Akamgeukia Samson. "Kama si samaki, nami nasema si mazao. Ni wageni wangu. Katika nyumba hii mgeni hapasuliwi."

Wale vijana walikuwa wamekulia mtaani pale, wakila kwake tangu hawajaanza shule. Bonaventura aliwaamuru wamtoe. Walitazama miguu yao.

Jirani yake Yassir, aliyekuwa akitoka msikitini, aliingia, akanyanyua sufuria ya wachanga. "Hawa ni wangu," alisema, akaenda nayo kwake. Wanawake wakafuata na ndoo, na Bonaventura akaondoka na madume tu. Jua lilipozama, hapakuwa na nyumba mtaani isiyokuwa na sangara.

Mpaka leo wako hapo. Watu wamezoea kuogea chini ya bomba, na harusi hupikiwa sufuria za kuazima mtaa wa Rusimbi. Kanuni haikubadilika. Boti za Bonaventura bado zinatoka, zikiwavua wale ambao hawakuweza kutembea, na kila jioni gari lake hupita na magunia yanayokoroma. Sangara wa majumbani huwaitikia, nyumba hadi nyumba.

Bibiana hutoka akasimama katikati ya barabara. Gari husimama. Dereva hupiga honi, kisha hutoa kichwa dirishani.

"Mama, sheria iko upande wetu."

"Najua, mwanangu," hujibu Bibiana, na hasogei.