Pampu Nane

Bega la kulia la Mzee Rwegoshora lilistaafu miaka miwili kabla mwenyewe hajakubali. Lilianza kwa kugoma kufikisha kijiko mdomoni nyakati za baridi, likaishia kugoma kuvuta pampu ya bunduki yake ya upepo, ile iliyomfanya aitwe Mlenga Shabaha katika kijiji kizima cha Nyaishozi. Mwaka huo bunduki yenyewe nayo ikapasuka mpira wa ndani, ikawa inapumua kama mtu anayepuliza uji. Mzee akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Sasa angenunua nyingine iliyo laini, na lawama zote angeitwisha ile mbovu.

Msidhani lilikuwa jambo dogo. Pale kijijini, mtama ukishavunwa, kibuyu cha kwanza cha rubisi, pombe ya ndizi na mtama, hufunguliwa na mkono uliolinda shamba. Mwenye mkono huo huwekewa mrija mbele yake, akafyonza taratibu, wengine wakimeza mate. Rwegoshora alikuwa ameuonja mrija huo miaka kumi na tisa mfululizo. Ukweli ni kwamba ndege walifukuzwa na akina mama waliogonga makopo tangu alfajiri, yeye akiangusha watatu au wanne kwa siku na kuwasimulia mpaka jioni. Lakini makopo hayana sifa. Bila bunduki angekuwa mzee kama wazee wengine, na hilo alilihofia kuliko kaburi.

Siku ya gulio akamkuta Egbert, mfanyabiashara wa Bukoba, aliyekuwa amenunua bunduki mbili za upepo kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ilikuwa miaka ile ya sabuni ya mgawo, kwa hiyo bidhaa kama hiyo haikukosa watazamaji. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nzito, ina kitako cha mti kilichong'arishwa, na ilitaka pampu nane, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia. Ya pili ilikuwa fupi, sura yake haina heshima yoyote, ina mkono wa pembeni unaouvuta mara moja tu, basi.

Rwegoshora akaijaribu ile fupi. Akavuta, ikajaa. Bega halikulalamika hata kidogo. Akalenga bua la muhindi, akalipiga katikati, na moyo wake ukafurahi kweli. Tayari alikuwa ameingiza mkono mfukoni kutoa fedha za kahawa, ndipo Egbert, kwa adabu zote za kibiashara, akafungua mdomo, akamwita baba kwa Kihaya.

"Umechagua vizuri, tata. Hii ndiyo ya umri wako."

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Placidius, karani mstaafu wa ushirika, rika la Rwegoshora; wawili hao walibatizwa siku moja na kugombana kuanzia siku ya pili. Rwegoshora akairudisha ile bunduki mezani kana kwamba imemchoma, akaichukua ndefu, akaipiga pampu tatu huku anatabasamu na jasho linamtoka nyuma ya masikio. Akasema inatosha, mwanamume hahitaji kumaliza nane kujua chuma kizuri. Akalipa. Hajavuka hata mwisho wa gulio, akamwona Placidius ameibeba ile fupi begani, anapiga mluzi, hana aibu.

Nyumbani alifunga mlango. Pampu tatu zilipita, ya nne ikagoma. Akaibana kwa magoti. Akaikalia. Mwishowe akalala chali sakafuni na kuisukuma kwa unyayo, akiguna hivi kwamba mkewe, Adelgunda, aliacha moto jikoni na kuja mbio akidhani mume anakata roho. Alimtazama kwa muda. Huyu alikuwa mwanamke wa kulima kibanja kizima cha migomba kwa jembe na kupandisha maji kutoka bondeni mara tatu kwa siku. Akaichukua bunduki, akaachia upepo uliomo, akapiga pampu zote nane amesimama, huku akimweleza mumewe kwamba chumvi imekwisha.

Rwegoshora hakufurahi, aliogopa. Pale kijijini silaha ya mwanamume haiguswi na mwanamke. Mwaka uliotangulia jirani yao Fidele, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, alitozwa faini ya kibuyu kizima cha rubisi kwa sababu mkewe Kampire aliuingiza mkuki ndani usiloe mvua. Aliyesimama kuidai faini hiyo, akiwataja mababu mmoja mmoja, alikuwa Rwegoshora. Na ndiye aliyeinywa zaidi.

Basi ikawa siri ya chumbani. Tangu mwezi wa nne Adelgunda alijaza, Rwegoshora akatoka na risasi yake moja, akapiga ndege mmoja, akarudi nyumbani "kunywa maji". Baada ya muda akatoka tena. Kijiji kikashangaa mzee yule ana kiu gani. Lakini wajinga ndio waliwao: wengine wakaanza kusema Mlenga Shabaha siku hizi hapotezi risasi, hutafakari kwanza. Maneno hayo yalipomfikia, aliyaamini. Akaanza kuhubiri vilabuni kwamba anayepiga mara ya pili hakulenga mara ya kwanza, na kwamba bunduki za kuvuta mara moja ni za wanawake na wagonjwa. Adelgunda aliyasikia hayo akiwa na malengelenge viganjani. Akaendelea kujaza. Mwenye akili angeogopa utii ule.

Mtama ukavunwa. Watu wakakusanyika uani kwa balozi wa nyumba kumi, kibuyu cha rubisi kikawekwa katikati, akina mama wakawa mkekani wanamenya ndizi. Minong'ono ikaanza: Placidius na bunduki yake isiyo na heshima ameua ndege mara tatu ya Rwegoshora. Balozi, mtu asiyependa ugomvi, akaamua wote wawili walenge boga lililowekwa juu ya kichuguu, risasi tatu tatu. Atakayeshinda, mrija ni wake.

Placidius akavuta na kupiga, akavuta na kupiga, akavuta na kupiga. Mbili zikaingia, moja ikaenda zake. Rwegoshora akapiga ile risasi aliyokuja nayo imejazwa, ikatoboa boga katikati. Watu wakashangilia. Kisha wakangoja ya pili.

Akapiga pampu. Moja, mbili, tatu. Ya nne ikagoma. Akakaza meno, bega likamchoma mpaka machozi yakamlenga. Akasema chuma kimepata kutu. Akasema anaona kiu. Placidius akaagiza aletewe maji hapohapo, na mzee akayanywa yote, maana hakuwa na la kufanya. Ndipo akamtazama mkewe kule mkekani na kumfanyia ishara ndogo ya kichwa.

Adelgunda aliendelea kumenya.

"Silaha ya mwanamume haiguswi na mwanamke," alisema bila kuinua macho. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Ua lote likasikia. Rwegoshora alikitazama kibuyu, akautazama mrija, akaitazama miaka kumi na tisa. Aibu ilimpanda, lakini uroho wa sifa ulikuwa na nguvu zaidi.

"Njoo, Mama Joviana," akamwambia mkewe. "Tangu mwezi wa nne ni wewe. Na Fidele nitamrudishia kibuyu chake."

Adelgunda akafuta utomvu wa ndizi mikononi, akaja, akaanza upya, akapiga pampu nane. Mzee akalenga, akatoboa boga. Adelgunda akapiga nane nyingine, mzee akatoboa tena. Tatu kwa tatu. Rwegoshora akaweka bunduki chini, akanyoosha kanzu, akaelekea kwenye kiti chake cha mbele.

"Samahani, balozi," Kampire aliuliza kutoka mkekani. "Mkono uliolinda mtama ni upi?"

Balozi alifikiri. Akavitazama viganja vya Adelgunda, akatazama makopo yaliyolala kando ya mkeka, akauchukua mrija na kumpa Adelgunda. Yeye akafyonza vizuri, hakuwa na haraka, akampa Kampire. Kampire akampa mwenzake aliyefuata, na mrija ukazunguka mkeka wote, kisha ukapita kwa Fidele, aliyefyonza kama mtu anayedai kibuyu kizima. Ulipomfikia Rwegoshora, kibuyu kilikuwa kinakoroma.

Alifyonza makapi, akafuta mdomo. Baadaye akasogea taratibu karibu na Placidius, aliyekuwa ameilaza ile bunduki fupi mapajani.

"Hiyo yako utaiuza lini?" akamnong'oneza.

"Nikizeeka," alijibu Placidius.