Koni Nje ya Chaki

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gari langu, nikibandika tarakimu moja mlangoni mbele ya namba yangu, ili gari liwe la mke wangu. Ndivyo tunavyofanya mashindanoni watu wawili wanapochangia gari moja: mimi thelathini na nane, Noreen mia moja thelathini na nane. Upepo wa Kansas ulivuma kwenye lami ya ule uwanja wa ndege uliotelekezwa, na nilitamani uipeperushe hiyo tarakimu mpaka Nebraska.

"Bandika vizuri, mume wangu," Noreen alisema ndani ya helmeti. "Isije ikadondoka nikiwa mbioni."

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikija peke yangu. Yeye alinicheka tu: mtu mzima na akili zake anakimbiza gari kati ya koni za plastiki, akishindana na saa. Jumapili ile alikuja kwa sababu dada yake alighairi kututembelea. Orrin, mzee anayefundisha wageni, akaketi kando yake, na walipomaliza mzunguko wa kwanza nilisikia kicheko cha mzee hata kabla gari halijasimama.

"Lyle! Huyu ulikuwa unamficha wapi?" akanipigia kelele. "Mwenzio anatazama mbele anakokwenda. Wewe kazi yako kukodolea koni!"

Mimi Orrin hakuwahi kunisifia hata nilivyofunga mkanda. Wivu ulinishika. Angekuwa mtu mwingine ningesema ana injini kubwa, ana tairi mpya. Lakini gari lilikuwa lile lile, na tairi zile zile nilizozimwagia maji kwa mkono wangu zipoe, ili yeye azidi kuniacha. Ilipofika raundi yangu ya mwisho, alikuwa ameniacha kwa karibu sekunde nzima.

Nikaondoka kwa hasira. Kwa mara ya kwanza sikuzitazama koni. Nilitazama mbele, kama alivyosifiwa yeye, na gari likanitii. Kipaza sauti kikatangaza muda wangu. Nimempita! Niliupiga usukani ngumi kwa furaha.

"Na koni moja," kikaongeza. Kuangusha koni moja ni sekunde mbili za adhabu.

Nilipoegesha, Noreen hakuwepo. Nilimkuta kwenye trela la watunza muda, amemwinamia Verna, mmoja wao, dirishani.

"Waulize tena wasimamizi wa koni kwenye redio," alikuwa akisema. "Si mlituambia asubuhi? Koni ikisogea lakini bado inagusa mduara wake wa chaki, haihesabiwi!"

"Nimeshauliza, mama," Verna alimjibu. "Haigusi chaki wala nini. Imelala chali kama mlevi."

"Noreen, acha," nilisema.

"Siachi. Ulikuwa umenishinda, Lyle. Nimeona mwenyewe."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. Afadhali angenicheka mbele ya watu wote, tukagombana, yakaisha.

"Niendeshe?" aliniuliza tulipokuwa tunaondoka.

"Naendesha mimi."

Barabara ilikuwa imenyooka katikati ya mashamba ya ngano, haina kona hata moja ya kumwonyesha mtu chochote. Kabla hatujafika mbali alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, mkono wake juu ya goti langu, hana kinyongo na mtu. Niliutazama uso wake, nikamwonea wivu hata huo usingizi.